Jina Mlangoni

Chaja ilibaki mezani kwangu, kati ya cherehani na mkebe wa vifungo, imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Wiki sita iliilisha kompyuta ya shoga wa mjukuu wangu. Sasa kompyuta imerudi kwao, na mjukuu wangu amekaa mbele ya meza yake tupu, vidole vimemlala.

Kwa vidole hivyo tulimpa jina la Kinanda. Kompyuta yake ilipokufa, shoga yake tuliyemwita Chiriku, msichana wa maneno matamu, alimwachia yake. Chuoni walipewa kazi ya wawili wawili, nao walikuwa wakitengeneza programu ya kupanga foleni ya wagonjwa zahanatini.

Kila kipande kilichotumwa kwa mwalimu kilikwenda na jina la mwenye kompyuta. Kinanda alilijua hilo, akamwambia mwenzake.

"Ah, shoga! Kazi ya pamoja, jina la nini?"

Basi Kinanda akaandika, mimi nikashona, na Chiriku akanywa chai yangu, akatuchekesha, akasinzia kwenye kochi. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, lakini kazi ya mtu naijua kwa mshono wake. Programu ile ilikuwa na mkono mmoja tu.

Kisha zikaja fomu za tathmini. Kila mmoja aandike kwa siri: mwenzako amefanya nini? Ambaye angeongoza angepata nafasi ya kwenda kujifunza kazi ofisini, nafasi ambayo Kinanda aliiota hata akiwa macho. Chiriku alitangulia kurudisha yake. Mwalimu akamwita Kinanda, akamsomea maneno mawili: *Alinitia moyo.*

Maneno mawili, wala si ya matusi. Ndiyo maana yalichoma.

Jioni hiyo Chiriku akaja kufuata chaja yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kochi lako lipo, linakuulizia."

Hakucheka. Akamgeukia mwenzake. "Usinikasirikie. Mwalimu alifungua rekodi, akaliona jina langu kila mahali. Ningesemaje?"

"Ungesema ni mimi."

"Nafasi ni moja, shoga."

Kinanda akaukunja waya taratibu, akaufunga kwa uzi wangu, akampa. "Wagonjwa wakizidi mia, foleni inaganda. Nilikuwa sijamaliza kuirekebisha. Unajua ni wapi?"

Chiriku akaishika chaja kwa mikono miwili. Keshokutwa walikuwa wanakwenda kuionyesha mbele ya chuo kizima. "Si utanionyesha?"

Mjukuu wangu akamtazama kama mtu anayetafuta tundu la sindano mahali penye giza.

"Nenda, shoga. Utachelewa."

Mlango ukafungwa. Tukakaa. Chai niliyommiminia Chiriku ilikuwa bado inafuka moshi.

"Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Nimejenga nyumba, mlangoni jina la jirani."

Jibu nililijua, lilikuwa limeketi mbele yangu. Tangu aanze kusema hajawahi kunishinda hata kimoja, na nilikuwa nikijigamba kwa hilo.

"Nimeshindwa, mjukuu wangu. Chukua mji."

Hakuuliza mji gani. Akaivuta fomu yake, iliyokuwa bado tupu, akaandika jina la Chiriku juu, herufi moja moja. Kalamu ikashuka hadi kwenye lile swali, mwenzako amefanya nini, ikasimama.

Nikautoa mguu kwenye cherehani, nisije nikampigia kelele.