Mwosha wa Avenue ya Tisa

Tajudini, fundi wa magari wa Buyenzi, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: Kiswahili. Alikaa Ujiji miaka miwili kwa mjomba wake, akarudi Bujumbura hataki tena neno la Kifaransa lipite kinywani mwake. Wenzake gereji walipoiita bodi ya gari "karoseri", yeye alisema "mwili". Waliposema "lavage", alitabasamu kwa huruma na kusema "uoshaji". Walimvumilia, kwa kuwa breki alizozitengeneza yeye zilishika.

Nchi jirani zilipotuondolea vikwazo na petroli ikarudi, magari yalitoka mafichoni na vumbi la miaka mitatu. Yalioshwa kwa ndoo mtoni Ntahangwa. Tajudini akaiona riziki yake hapo hapo: angeagiza mtambo wa kuosha magari unaojiendesha, wa kwanza mtaani. Alipungukiwa na mahali tu. Kiwanja kizuri cha pembeni, avenue ya tisa, kilikuwa cha shangazi yake Mwantum, naye, bila kuuliza ni kwa kazi gani, aliahidi kumletea ufunguo wa geti Jumatano baada ya adhuhuri. Bila kiwanja hicho, mtambo ungebaki picha kwenye katalogi.

Bi Mwantum naye alikuwa na kazi yake. Kwa miaka thelathini, kila mwanamke Mwislamu aliyefariki Buyenzi, ni yeye aliyemwosha kabla ya sanda. Mtaa mzima ulimwita Mwosha, kwa heshima na kwa mbali kidogo.

Jumatano hiyo Tajudini aliketi sebuleni na Térence, mchuuzi wa mitambo kutoka Mutanga Sud, aliyevaa tai kwenye joto lile na hakuwa ameuza hata bomba moja tangu mwaka uanze. Dirisha lilikuwa wazi. Bi Mwantum alifika barazani, akavua viatu, akasikia sauti ya mtoto wa kaka yake.

"Mtambo huu waosha miili mingapi kwa siku?"

"Soixante, patron. Sitini, kama courant ya umeme haikatike."

Bi Mwantum akashika ukuta.

"Na brashi hii kubwa, haikwaruzi mwili?"

"Kidogo. Mwili ya zamani itabakia na alama. Lakini iko ingine bila brosse, ni maji tu. Haigusi hata kidogo."

"Na mwili uliotobolewa na risasi?"

"Pale maji itaingia ndani, patron. Unaziba kwanza na plastiki."

"Huingiaje? Kichwa mbele?"

"Kichwa mbele, chaîne, mnyororo, inavuta. Dakika kumi, inatokea huku, kavu, na cire juu."

"Nta!" Tajudini alipiga kofi kwa furaha. "Ing'ae!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Taju! Na chaîne?"

"Shangazi, karibu, karibu uketi..."

"Sikai! Unataka kuvuta watu na chaîne mu kiwanja yangu? Na unawapaka nta? Astaghfirullah! Nani alikuambia Mwosha amekufa?"

Tajudini akajieleza, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana alijieleza kwa Kiswahili chake. "Shangazi, huu ni uoshaji wa kisasa tu. Mikono ya mwosha huchoka, mtambo hauchoki."

Bi Mwantum akaurudisha kifuani ufunguo aliokuja nao mkononi. Térence, aliyemwona mteja wake wa pekee akizama, akaruka kitini.

"Voitures, Maman! Magari! Ni lavage ya magari!"

Bi Mwantum akaitazama katalogi: gari jekundu limejaa povu. Akaketi polepole. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Tajudini akacheka. Térence akacheka kuwashinda wote, ingawa hakujua anacheka nini.

"Niliposikia sitini nilikasirika sana," alisema Bi Mwantum akijipangusa macho. "Lakini pale nilishika ukuta, unajua nilisema nini mu roho? Nilisema, kama iko kweli, hii mikono itapumzika. Hii miaka ya vita, Taju. Nimeosha wengi. Nimeosha hata batoto."

Tajudini akasogeza kiti chake karibu. Akaushika mkono wa shangazi yake, mkavu na uliojaa mikunjo.

Bi Mwantum akauchomoa mkono wake na kuweka ufunguo juu ya katalogi.

"Kiwanja chukua. Osha vitu vyenye vitarudi nyumbani. Lakini ile ya brosse, apana. Chukua yenye haigusi. Na ianze kuume."

"Kuume, Shangazi?"

"Kuume, halafu kushoto, mara tatu, vile mi naosha wangu. Mi sitaki jirani anaosha ovyo."

Térence akafunua kurasa huku jasho likidondokea picha. "Numéro sept," alisema mwishowe, kwa uso wa mtu anayeombea uongo wake uwe kweli. "Ukigeuza bomba, inaanza kuume."

Ikaagizwa namba saba. Wiki ileile Tajudini alimwita mchoraji aandike kibao cha getini: MWOSHA WA KISASA. Mchoraji alikuwa amemaliza herufi ya kwanza Bi Mwantum alipotokea, akamnyang'anya brashi, akaifuta herufi hiyo.

"Andika LAVAGE," alisema. "Mwosha iko mumoja hapa."