Kilio cha Mama Fisi Mbele ya Kisomamoyo

Kobe hakuwa na mbio, hakuwa na meno, hakuwa na ngurumo ya kutisha wala mjomba serikalini. Hakuwa hata na uso wa kubadilika: akiumwa au akifurahi, sura yake ilikuwa ileile. Ajabu ni kwamba upungufu huo wa mwisho ndio uliompa kazi ya kutunza muhuri wa Mfalme Nyati.

Maana Waziri Tumbili alikuwa ameleta ikulu mashine iitwayo Kisomamoyo. Ilitazama nyuso, ikapima mwendo na sauti, kisha ikatamka yaliyomo mioyoni mwa raia. Kila asubuhi ilimkagua Kobe na kusema, "Mtulivu. Mwaminifu." Kobe, aliyeiogopa kuliko moto, aliendelea kuufuta muhuri.

Kisha mama yake Mfalme akafa. Mazikoni, Mama Fisi alilia kama fisi wote wanavyolia: kwa kicheko kirefu. Kisomamoyo ikatangaza, "Furaha. Asilimia tisini na saba." Akatiwa gerezani papo hapo, angojee kufukuzwa kwenda Jangwa la Chumvi, ambako hakuna aliyewahi kurudi.

Kobe hakupata raha tena. Mama Fisi ndiye jirani aliyemgeuza kila alipoanguka chali, na wala hakwenda kumtangaza.

Barazani akathubutu. "Mtukufu Mfalme, mashine hii ilifunzwa kwa nyuso za nani?"

"Za swala," akadakia Tumbili. "Elfu kumi!"

"Na fisi?"

"Fisi wananuka, mzee. Nani angekaa nao?"

Baraza zima likaangua kicheko. Kisomamoyo ikakiandika kicheko hicho kuwa uzalendo.

"Lakini yule mama alikuwa analia!"

"Kobe," akasema Mfalme, "mashine haina ndugu, haili rushwa. Itamwonea kwa lipi? Kaandike amri ya kumfukuza, nitie sahihi."

Kobe akaandika: "Kwa Mkuu wa Gereza. Mfungue Mama Fisi leo hii, arudi kwake. Alilia, sisi ndio hatukujifunza kilio chake."

Mfalme akashika kalamu, akaigeukia Kisomamoyo. Mashine ikamkazia Kobe macho, ikakawia. Moyo wake uligonga gamba kwa ndani.

"Mtulivu. Mwaminifu."

"Basi nisome ya nini?" Mfalme akatia sahihi huku akipiga miayo.

Kobe akamwaga nta nyekundu, akakandamiza muhuri kwa uzito wake wote, akamkabidhi tarishi amri hiyo dirishani.

"Usitue popote hadi gerezani, bwana Njiwa," akamwambia, uso wake ukiwa uleule.