Bahasha Ndani ya Kamusi

Bahasha ilichomoka kwenye kamusi yangu ikatua sakafuni, jina la binti yangu likitazama juu.

"Fundi, mchumba kakuandikia?" akauliza kinyozi aliyekaa dawati la nyuma yangu. Darasa letu la jioni la Kiingereza, watu wazima tuliobanana kwenye madawati ya watoto, likacheka. Nikaiokota nikaikalia.

Nilikuwa seremala wa miaka hamsini na mbili, na mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kamusi ile niliisoma kwa mfuatano, kuanzia A, na nyumbani nilipiga marufuku mtu kuigusa. Barua ya chuo cha uuguzi ilipofika niliifungua, nikaisoma, nikaificha kurasa za mwisho kabisa, ambako sikutarajia kufika mwaka ule. Binti yangu akiuliza, namjibu, "Bado, mama. Subira yavuta heri." Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Kumbe mwalimu, kijana mdogo kwangu, angeandika ubaoni neno *withhold*, nami kwa pupa ya kuwa wa kwanza nikakimbilia W.

"Si sawa na kukosa cha kutoa?" nikauliza.

"Hapana, mzee. Asiye nacho hana lawama. Hili ni la mtu aliye nacho, mwenzake anakihitaji, naye amekibana tu."

Alitaka kila mmoja atunge sentensi. Yangu ilikuwa tayari kichwani, imenyooka kama mbao iliyopigwa randa. Zamu yangu ilipofika nilisema sina. Sikuwahi kusema hivyo darasani, wala sikurudia tena.

Nyumbani nilimkuta binti yangu akikunja mashati yangu. Nikaiweka bahasha juu ya mashati. Akaigeuza; hakuitoa barua.

"Niliiona Jumamosi, baba, nikifuta vumbi."

"Nilikataza kamusi isiguswe."

"Vumbi halikusikia."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka unipe mwenyewe." Akakunja shati la mwisho taratibu, akilinyoosha kola. "Sasa nani atakupikia?"

"Nimeunda makabati mangapi mjini hapa? Sufuria itanishinda?"

Ilinishinda miezi mitatu. Sikumwandikia habari hiyo.

Sasa yeye mwenyewe anakaribia kustaafu. Kamusi ipo rafuni, imepauka. Bahasha ilikuwa nene, ikakaa humo kama kabari; hata leo ukiiachia kamusi mkononi, inafunguka yenyewe pale pale. Wajukuu husema huo ndio ukurasa babu aliousoma sana.

Huwa nawaitikia.