Mateka wa Kizuizi cha Katuba

Mwaka 1961 Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Elisabethville, Katanga ilikuwa imejitangaza nchi, na Mwalimu Symphorien alikuwa akifundisha sheria za vita katika shule ndogo ya sheria mjini. Kila Jumatatu aligonga meza na kurudia lile lile: mateka wa vita analazimika kutaja mambo manne tu, jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Akiulizwa la tano, afunge mdomo. Rigobert, mwanafunzi aliyewahi kumsahihisha mbele ya darasa, alikuwa sasa anarudia mwaka.

Alima, binti wa fundi cherehani kutoka Maniema, alikuwa amebakiza mtihani mmoja wa mdomo kwa Mwalimu huyo, siku ya mwisho ya shule, saa tano na nusu asubuhi. Saa sita ofisi ya shule ingefungwa kwa sababu ya vita, na hakuna aliyejua ingefunguliwa lini. Kwenye mahakama kulikuwa na kiti cha karani kinachosubiri cheti chake, lakini kisingesubiri mpaka vita viishe.

Asubuhi hiyo, akitembea kutoka Katuba kwenda mjini, alifika kwenye kizuizi cha barabarani akamkuta Mwalimu Symphorien, mtahini wake, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umenyooka, anavuta sigara. Baiskeli yake ilikuwa imelala kando.

Askari wa kizuizi, mtu mnene aitwaye Kalaba, alimpokea Alima kama mtu aliyeletewa daktari.

"Mama, huyu baba iko mugonjwa? Mi nilimusalimia tu. Nikamuuliza anatoka wapi, anaenda wapi, bantu ya kwake beko wazima. Akanipa siku ya kuzaliwa."

Kila mtu katika mji ule huulizwa hivyo mara kumi kabla ya chakula cha mchana, naye hujibu bila kufikiri. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa Kasai, na mwaka ule watu wa Kasai, waliokuwa wakifukuzwa Katanga, hawakupenda kuulizwa na askari wanatoka wapi. Salamu aliisikia kama mahojiano. Alitaja jina. Kwa cheo alisema mwalimu wa daraja la pili. Namba ya jeshi hakuwa nayo, basi akasoma ile iliyoandikwa kwenye kibati cha baiskeli. Kisha akadai tumbaku, kwa kuwa mateka ana haki ya kuvuta. Kalaba, ambaye alikuwa ameshainua mti wa kizuizi ili apite, alimpa sigara yake ya mwisho.

"Nimemwambia aende," Kalaba alilalamika. "Anakataa. Anasema nimuandikie kwanza karatasi ya kumuachilia. Mi sijui kuandika karatasi ya vile."

Alima alitazama saa ya mkononi ya Mwalimu. Saa tano na dakika kumi. Alimkumbuka Rigobert. Akimsahihisha mtu huyu, angefeli. Akinyamaza, mtihani usingekuwapo kabisa. Akapiga goti kidogo, kama inavyompasa binti mbele ya mkubwa wake, ili maneno yapite kwa upole.

"Mwalimu, mateka wa vita ni nani?"

Mwalimu alimjibu bila kumtazama kwamba swali hilo ni la mtahini.

"Basi nalijibu mimi. Ni mtu wa jeshi, au anayehesabiwa na jeshi, aliyeangukia mikononi mwa adui. Wewe huna bunduki, huna cheo cha vita, na namba ile ni ya baiskeli. Wewe ni raia, Mwalimu. Umekosea mkataba; huo wa mateka si wako."

Mwalimu alitoa moshi puani.

"Na raia akiulizwa habari za kwao," Mwalimu alisema taratibu, "sheria inasemaje?"

"Sheria haisemi kitu. Mama yako ndiye aliyekufundisha kujibu salamu."

Mwalimu alizima sigara kwa kisigino, akasimama, akavua kofia. Akamwambia Kalaba kwamba anatoka Katuba, anaenda mjini, watu wa kwake wazima, je, na wa Kalaba? Kalaba alifurahi mno, akaanza na shangazi zake. Walikuwa wamefika kwa binamu wa tatu Alima alipokohoa.

Mwalimu alitoa orodha ya alama mfukoni, akamwandikia Alima alama juu ya mgongo wa Kalaba aliyeinama: kumi na sita juu ya ishirini.

"Kwa nini si ishirini?" Kalaba aliuliza kutoka chini.

"Nne amezipoteza. Alipaswa kufika mapema."

Alima aliichukua orodha, akainua baiskeli na kuondoka nayo kabla hajaombwa. Karani wa ofisi ya shule alikuwa tayari kufunga, ufunguo mkononi. Aliisoma orodha, akauliza kuhusu kilichoandikwa kwenye nafasi ya "mahali pa mtihani". Mwalimu alikuwa ameanza kuandika "kambi ya mateka", akafuta, akaandika: "Barabarani, wakati wa kusalimiana."

Karani alipiga muhuri.