Lundo Lisilotaka Kupona

Binti wa kinyozi alipopata kazi ya uuguzi ng'ambo, aliacha nyuma ya nyumba lundo la mboji alilolianzisha mwenyewe, limezungushiwa mbao kuukuu. Mama yake alishafariki, kwa hiyo lundo likabaki mikononi mwa baba.

Kinyozi hakujua lolote kuhusu mboji. Alidhani lundo ni kama tumbo la mtu mwenye njaa, halichagui. Akamwagia wali uliolala, vichwa vya samaki, mafuta yaliyokaangiwa, na nywele za wateja mafungu kwa mafungu. Haukupita muda, inzi wakahamia. Jirani yake, mama mmoja fundi cherehani, akachungulia juu ya ukuta, pua kaiziba kwa mtandio.

"Jirani, humo umezika nini?"

"Mboji."

"Mboji gani inanuka kama mzoga? Wateja wangu wakija kupimwa nguo wanashika pua!"

Aibu ikamshika. Siku hizo simu za binti zilikuwa zimepungua, zamu zilimbana, na akipiga ni "umekula, Baba?" kisha kwaheri. Jioni ile baba alipiga mwenyewe.

Binti alicheka mpaka akakohoa. "Baba jamani! Nyama na samaki usiweke. Wala chakula kilichopikwa, wala mafuta. Weka maganda ya matunda na mboga, majani ya chai, maganda ya mayai uyaponde. Na kila ukiweka kibichi, funika kwa kikavu: majani yaliyoanguka, maboksi ya kuchanachana, maranda kidogo."

"Na nywele?"

"Nywele sawa, ila zitawanye. Ukizirundika zitashikamana kama kofia."

Waliongea mpaka sikio la baba likapata moto.

Kinyozi akatoa uozo wote, akaufukia mbali, akaomba maranda kwa seremala, akaligeuza lundo kwa koleo. Kila Jumapili binti alipiga kuuliza hali ya "mgonjwa wetu". Katikati ya maswali yakamponyoka na mengine: baridi ya huko, viatu vinavyomchubua, bibi mmoja wodini anayemdhania kuwa ni dada yake.

Harufu ikaisha. Inzi wakahama. Hata fundi cherehani akaanza kuleta maganda yake ya ndizi. Lakini binti alipouliza, baba akawaza. Likishapona, atapiga kuuliza nini?

"Bado, mwanangu. Bado linanuka."

Basi kwenye simu lundo likapata kila ugonjwa. Leo limekauka, wiki ijayo limejaa sisimizi, nyingine limepoa ghafla. Binti hakuchoka kutoa dawa.

Jumapili moja akapiga simu ya video. "Nionyeshe."

Kinyozi hakuwa na pa kukwepea. Akaenda nyuma, akafukua kwa mkono. Udongo mweusi ukamwagika vidoleni, laini, wa vuguvugu, minyoo ikijinyonganyonga ndani yake.

"Baba. Hii imeiva zamani."

"Ndiyo."

"Sasa mbona ulinidanganya?"

Kinyozi akajifuta mkono kwenye suruali. Mtu aliyezoea kupiga soga na kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake, siku hiyo aliongea akiutazama udongo. "Niliogopa tutakosa la kuongea," alisema.

Binti aliangalia pembeni. "Mimi huku nakaa ghorofani. Kila nikimenya chungwa nasimama jikoni na maganda mkononi, sijui niyapeleke wapi. Nikiyatupa naumia, kama mjinga." Akavuta pumzi. "Mkataba wameuongeza, Baba. Mwaka huu sirudi."

Baba akaitikia kwa kichwa, akasahau kutoa sauti.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

"Basi geuza kidogo. Usiongee. Nataka kusikiliza tu."

Akaiegemeza simu ukutani, akachukua koleo. Aligeuza taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akaanza upya, ingawa lundo halikuhitaji. Binti hakusema neno, wala hakukata simu.