Picha ya Kijiko

Habari hii nimeipata kwa mwenyewe, binti wa marehemu mdogo wangu, Jumapili iliyopita asubuhi tukichambua maharage barazani. Mimi ni mama yake mkubwa, kwa hiyo ni mwanangu. Alikuwa akisimulia huku anatupa maharage mazima na kubakiza mabovu. Sikumsahihisha, nilimwacha aseme.

Mwanangu huyu ni fundi cherehani. Zamani mteja alibisha hodi mlangoni. Siku hizi anabisha kwenye simu, na milango ya simu haina idadi. Ana ukurasa wa picha, ana mwingine wa video fupi, na kila mmoja unataka kulishwa kila siku kama kuku. Halafu kuna magrupu: la wateja, la mafundi, la mtaa, la wazazi wa darasa, la wazazi wa shule nzima, la ukoo, na lile jingine la ukoo ambalo sisi wazee hatutakiwi kuliona. Lipo hata la harusi iliyopita mwaka juzi. Maharusi wana mtoto sasa, ila hakuna anayetaka aonekane wa kwanza kutoka. Mumewe, fundi bomba, humtania: “Nikitaka kuzungumza na wewe nijiunge na grupu gani?”

Siku hiyo alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza. Simu ililia na kulia mpaka sindano ikamchoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kitambaa cheupe. Akayanyamazisha magrupu yote, bila kuchagua, maana angeanza kuchagua lipi libaki ingefika jioni. Akashona kwa utulivu ambao hakuwa ameuonja tangu anunue simu ile.

Muda wa kumfuata mtoto ulipofika akaenda shuleni. Mtoto wao ni mmoja, wa kike, yuko darasa la awali. Tunamwita Kijiko, kwa sababu alipokuwa mchanga akishika kijiko hakiachi hata usingizini. Mwanangu alikuta geti lina kufuli na uwanja mtupu. Mlinzi akamwambia tangi la maji lilipasuka, watoto waliruhusiwa mapema.

“Wamefuatwa wote, mama. Si mlitangaziwa?”

Akafungua simu. Tangazo alilikuta chini kabisa, limefukiwa na shukrani za wazazi, vidole gumba, maua, na mmoja aliyekuwa akiuza sabuni. Akampigia mwalimu, naye akasema Kijiko alitoka ameshikana mikono na wenzake, yeye akadhani ni watoto wa jirani. Watoto wa jirani walikuwa kwao, na hawakuwa naye.

Mwanangu akaweka picha ya mtoto na namba yake mwenyewe kwenye kila grupu na kila ukurasa. Hata lile la harusi.

Hapo simu ikaanza kutetemeka kama kitu chenye roho. Kaonekana stendi. Kaonekana sokoni na mwanamke mnene. Hapana, mwembamba. Kaonekana juu ya pikipiki nyekundu, analia. Mwingine anauliza kavaa nini, na imeshaandikwa. Mwingine anauliza huyu ni mama wa namna gani. Mumewe alikuja mbio na mfuko wake wa spana, wakawa wanakimbilia kila ujumbe. Wakifika stendi wanaambiwa sokoni. Wakiwa sokoni ukaingia wa kusema kuna kiatu cha mtoto kinaelea kwenye shimo la mchanga, nyuma ya kiwanda cha matofali.

Aliponisimulia hapo mikono yake ikasimama juu ya ungo wa maharage.

Maji ya shimo lile ni rangi ya chai, huoni kilicho chini. Mumewe aliingia na nguo zake, yakamfika kifuani, akawa anapapasa kwa miguu. Watu walijaa ukingoni wameinua simu, wanampiga picha. Kiatu alikipata. Kilikuwa cha mtu mzima, kimeoza. Akabaki nacho mkononi mle majini, hajui akitupe au afanyeje.

Wakati huo mwanangu ametumiwa ujumbe wa sauti na mtu asiyemjua. Mtoto analia, basi, hakuna maneno. Akausikiliza, akaurudia.

“Mama mkubwa,” aliniambia, “mara ya kwanza nilijua si mwanangu. Nilivyozidi kusikiliza, ikawa ni yeye.”

Namba ngeni zilikuwa zinapiga, nyingi kwa intaneti, moja juu ya nyingine. Alizozipokea mwanzo zilikuwa za watu wa kuuliza tu, na mmoja alikuwa anacheka. Akaacha kupokea. Simu ikawa moto kama pasi, kioo kikaganda, anabonyeza wala haisikii.

Mumewe alipotoka majini akaichukua. Yeye, kwa kazi yake, hutembea na simu ndogo ya vitufe isiyojua intaneti, ni kupiga, kupokea na meseji tu. Alikuwa ameiacha kwenye mfuko wa spana. Akataka kuhamishia humo laini ya mkewe. Mwanangu akamshika mkono.

“Ukiizima, waliomwona watatupataje?”

“Waliomwona ni mia, mke wangu. Aliye naye ni mmoja. Huyo atapiga.”

Akachomoa pini kwenye nguo ya mkewe, akatolea laini. Ilikuwa ndogo kuliko nafasi ya kile kisimu, akaibana kwa ule utepe mweupe wa kuzibia bomba. Akawasha.

Kimya. Anasema kimya kile kilimtisha kuliko kelele zote, kwa kuwa kelele angalau zilisema mtoto yupo mahali. Wakasimama wanakitazama kile kisimu. Kisha zikaingia meseji mbili za namba moja. Ya kwanza, mtoto wako yuko kwangu. Ya pili, napiga hupokei. Hawajamaliza kusoma, ikaita.

“Wewe ndiye mwenye huyu mtoto wa maswali?” alisema mwanamke, bila haraka. “Njoo umchukue, majibu yameniishia.”

Alikuwa dobi wa ng'ambo ya barabara kuu. Kijiko aliwafuata wenzake mpaka kila mmoja akaingia kwao, akabaki peke yake katikati ya shuka zilizoanikwa. Dobi alipomvua sweta ili ale, akaona namba ndani ya ukosi, mwanangu alikuwa ameitarizi humo. Akapiga na kupiga, akawa ni mmoja wa wale wageni wasiopokelewa.

Walirudi naye nyumbani jua halijazama. Wakiwa mezani jirani akaingia analia, akamkumbatia mwanangu. Akamwonyesha simu: fundi bomba majini na kiatu mkononi, juu yake picha ya Kijiko, na maneno kwamba mwili umepatikana.

“Shikamoo,” alisema Kijiko, mdomo umejaa.

Jirani akakaa sakafuni.

Mwanangu alitaka kuandika kwamba mtoto yupo hai. Lakini aandike wapi? Picha ilikuwa imeshafika kwa watu asiowajua, kwenye miji asiyowahi kukanyaga, na huko kote mwanawe ni maiti. Jirani akaahidi ataandika yeye kwenye grupu la mtaa, akajifuta uso, akaenda.

Kijiko akalala. Fundi bomba akalala kwenye kiti, matope yamemkaukia miguuni. Mwanangu akatia komeo, akajilaza kando ya mtoto, akaweka kiganja juu ya kifua chake. Kikipanda anangoja kishuke. Kikishuka anaogopa hakitapanda. Anasema alikuwa bado anangoja usingizi ulipomchukua.