Mtungi wa Pole

Maji ya chai yalikuwa yameanza tu kunong'ona gesi ilipokata. Moto ulijikunja, ukawa wa bluu hafifu, ukazimika. Pindo aliutikisa mtungi, akaulaza ubavu, akausikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Haukutoa hata pumzi. Na bei ilikuwa imepanda tena wiki hiyo.

"Kunywa hivyo hivyo," alimwambia binti yake. "Halafu nipe ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Huo wa shingoni."

Binti aliishika kamba kwa mikono miwili. Tangu aanze darasa la nne alikuwa akijifungulia mlango mwenyewe anaporudi mchana, na ufunguo ule aliuvaa kama medali. "Nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu. Leo hurudi peke yako. Usiniulize."

Walimwita Pindo kwa sababu ya kazi yake. Kwenye chumba hicho kimoja, cherehani ilikaa kati ya kitanda na dirisha, na pembeni yake rundo la sketi za watu zilizosubiri kupunguzwa. Jana jioni, akiwa ameinamia sketi, simu yake ndogo ililia. Ujumbe ulitoka kwenye namba asiyoijua:

"Ukishapita ghala la mbao kata kushoto penye bomba la maji. Mlango wa kijani, kamba ya nguo mbele. Nisipokuwepo mtoto hurudi mchana, ufunguo anao. Umeona? Kumbe hamjapotea."

Haukuwa na jina, wala haukulihitaji. Alikuwepo mwanamume mmoja tu duniani aliyewatafuta, yule ambaye Pindo alimkimbia miaka mitatu nyuma na ambaye zawadi yake ya mwisho ilikuwa taya linalolia mpaka leo akitafuna kitu kigumu. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta. Akakirudisha. Kilichomzuia hakikuwa hofu. Yalikuwa maneno yenyewe. "Kamba ya nguo mbele." Hivyo ndivyo anavyoongea yeye mwenyewe, Pindo.

Nani ameyabeba? Alimpitisha kichwani binamu yake, akampitisha mwenye nyumba, akawapitisha wateja. Wote hao walifika kwake kwa kuongozwa na mtu. Hakuna aliyewahi kuambiwa maneno yale. Isipokuwa mmoja.

Binti alikuwa ameshauacha ufunguo na kwenda shule mlango ulipogongwa. Alikuwa ndiye huyo mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Pacha, amebeba mtungi mdogo wa gesi kiunoni kama mtoto wa tatu.

"Hodi, mwenye bahati! Nimetangulia kuupokea, la sivyo wangeuacha getini uondoke na wapita njia. Tumepewa bure, mimi wangu na wewe wako!"

Pindo hakuupokea. "Umempa nani maneno yangu?"

"Maneno gani?"

"Ya kufika hapa. Nilikutamkia wewe, ukayaandika kwenye simu yako. Kikulacho ki nguoni mwako, jirani. Na nguo yangu ya karibu ni wewe."

Alimsomea ujumbe. Mama Pacha aliutua mtungi chini polepole, na ule uso wake unaocheka hata msibani ukakosa la kufanya.

"Sikumpa mtu," alisema. "Naapa kwa wanangu. Niliiandikia kampuni ya gesi. Si ndivyo tunavyoagiza sote wawili? Nyumba zetu hazina namba, bila maelekezo dereva hafiki. Na ulisema mwenyewe niandike mtoto ana ufunguo, ili mtungi usirudi."

"Nilisema."

"Basi ngoja." Alitoa simu yake kubwa, akatafuta, akasoma kwa sauti: "Mteja wetu mpendwa, tumebaini kwamba baadhi ya taarifa, yakiwemo majina, namba za simu na maelekezo ya makazi, zimefikiwa na watu wasiohusika. Tunakupa pole kwa mtungi mmoja bure. Bonyeza Nakubali." Sauti ilikuwa ikipungua kila neno. "Mimi niliona 'bure' tu."

"Ukabonyeza."

"Mara mbili. Kwangu na kwako."

"Na hayo maandishi madogo ya chini?"

"Nani anasoma ya chini? Hayo ni kama ya kwenye paketi ya sabuni."

Pindo aliichukua simu na kuisogeza machoni, kama anavyotafuta tundu la sindano. Yalisema: "Kwa kukubali, mteja anathibitisha ameridhika na hatadai kingine chochote kuhusiana na jambo hili."

"Wamemwonyesha mlango wangu," alisema, "halafu wamenilipa niwanyamazie. Na sikuwepo hata kwenye mazungumzo."

Mama Pacha alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mtoto nitamchukua mimi shuleni. Nampeleka kwa dada yangu, ng'ambo ya reli. Mimi ndiye niliyeandika, acha mimi ndiye nimchukue."

Asiyemwamini mtu hana pa kumwacha mwanawe. "Mwalimu nitamwambia ampe wewe peke yako," Pindo alisema. "Na usipige simu, usitume ujumbe, usimwelekeze mtu."

Mtungi aliubeba mwenyewe. Kuuacha kwa Mama Pacha, ambaye gesi yake huisha kabla ya mwezi, kungekuwa kumwachia fisi bucha.

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa juu ya duka la rangi, na ngazi zake zilinuka tapentaini. Wakili alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Aliutazama mtungi, akamtazama na aliyeubeba.

"Mama, huo una gesi?"

"Umejaa. Wewe unalipwa na nani?"

"Na wafadhili. Kidogo sana."

Pindo hakumwamini, mpaka wakili alipoinuka kufunga dirisha. Pindo la sketi yake lilikuwa limeachia na kushikiliwa kwa pini ya ofisini. Anayekula fedha za watu, Pindo aliwaza, angekwisha kushonesha. Akakaa, akaeleza yote.

"Tuanze na huyo mwanamume, maana yeye ni hatari ya leo," wakili alisema. "Tunaomba amri ya mahakama asikukaribie, na polisi wapate nakala ya ujumbe. Kampuni ni safari ndefu."

"Ndefu namna gani?"

"Kwanza unawaandikia. Wakueleze taarifa zako zipi zimetoka, lini, na wamefanya nini kukulinda. Sheria inawataka wajibu. Wakikujibu ovyo, unapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali ya kulinda taarifa binafsi. Hailipishwi, ila nisikudanganye, hutembea kama kobe. Au tunawashtaki wakulipe fidia. Unaweza peke yako, unaweza pamoja na wengine."

"Kuna mtu ameweka tangazo kwenye simu ya jirani yangu. Linasema utume namba ya kitambulisho uingie kwenye kesi ya pamoja."

"Usitume!"

"Ningekuwa wa kutuma nisingekuja hapa na mtungi."

Wakili alicheka, kisha akawa makini. "Tatizo la kesi hizi ni moja. Mahakama itauliza umeumia nini, na utaonyeshaje kwamba ni kwa sababu yao. Watu wengi hawana jibu. Watasema huyo bwana angeweza kuelekezwa na yeyote."

Pindo alisogeza simu mbili mezani, yake ndogo na ile kubwa aliyoazimwa na Mama Pacha. Kwenye moja ulikuwepo ujumbe wa mwanamume. Kwenye nyingine, maelekezo yaliyotumwa kwa kampuni. Wakili alisoma upande huu, akasoma na ule, kisha akarudia.

"Neno kwa neno," alisema.

"Ni maneno yangu. Nimeyasema mara moja tu, na yalikwenda sehemu moja tu."

"Usiufute huu ujumbe, hata ukikuchefua." Alianza kupiga picha. "Wengi huingia hapa na hasira, mama. Wewe umeingia na ushahidi. Ila hiyo Nakubali ndiyo itakayotusumbua. Hukubonyeza wewe, hilo tutalipigania. Lakini ukichoma gesi yao, watasema mbona ameridhika, ameipikia. Kifuniko chekundu hakijang'olewa?"

"Hakijaguswa. Leo nimekunywa chai ya maji ya uvuguvugu."

"Basi urudishe. Na usiondoke pale bila kitu kilichoandikwa na kupigwa muhuri."

Ofisi za kampuni zilikuwa na mlinzi mkali, na kiyoyozi kikali kuliko mlinzi. Pindo alipanda hadi ghorofa ya pili, akautua mtungi juu ya kaunta. Dada wa mapokezi alivuta kompyuta yake pembeni.

"Shikamoo mama. Mitungi haipokelewi huku."

"Marahaba mwanangu. Huu ni wa pole, nimeurudisha. Niandikie kwamba nimekataa."

"Zawadi hairudishwi. Kwenye mfumo wetu hakuna sehemu ya kurudisha."

"Ila sehemu ya kuvujia ipo."

Dada alitazama mlango wa bosi, akainama kidogo. "Hata mimi nimo kwenye hiyo orodha iliyovuja, inazunguka kwenye simu za watu," alinong'ona. "Sisi wafanyakazi hatukupewa hata mtungi." Kisha akakaa wima, na sauti ikarudi kuwa ya kazini. "Naweza kukuandikisha kama mlalamikaji. Subiri hapo kwenye kiti."

Kiti kilikuwa cha kijani. Pindo alikikalia mpaka jua likahama dirishani, ndipo simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya dada yake Mama Pacha.

"Ni mimi," Mama Pacha alisema, anahema. "Mtoto ninaye, tumefika. Anakula. Lakini usirudi nyumbani. Mwenye nyumba amempigia dada yangu, anasema kuna mwanamume amekaa mbele ya mlango wako. Anasema ameleta gesi."

"Na?"

"Hana mtungi."

Pindo alihisi taya likimvuta. Alimpigia wakili, akamwambia kwa maneno machache. Wakili alisema alikuwa kituoni tayari, polisi wanasema gari halina mafuta, lakini hatabanduka pale mpaka litoke. Akamwambia Pindo asiondoke alipo.

"Mama, zamu yako," dada wa mapokezi aliita, vidole kwenye kompyuta. "Jina ninalo. Simu ninayo. Sasa niambie unakaa wapi. Maelekezo kamili, ya kumfikisha mtu mlangoni."

"Ya nini?"

"Bila maelekezo ya makazi mfumo haupokei malalamiko."

Pindo alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Dada mwenyewe aliinamisha macho.

"Andika," Pindo alisema. Alivua viatu, akaupakata mtungi mapajani. "Ukishapita geti la mlinzi, panda mpaka ghorofa ya pili. Kiti cha kijani, kaunta mbele. Mwenye malalamiko amekaa na mtungi wenu, haujafunguliwa. Hana mahali pengine pa kwenda, na nyinyi mnajua kwa nini."

Vidole vya dada vilisimama hewani.

"Andika, mwanangu, neno kwa neno. Maneno yangu, nyinyi ni hodari wa kuyafikisha."